Gauni la satini kugeuzwa kanzu ya kike na suruali ya marinda: uzoefu wangu

Wanaouliza kama gauni la zamani linaweza kugeuzwa kanzu ya kike ya Kiunguja na likavalika mbele za watu, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: kitambaa ndicho kiamue mshono. Anayekwenda kwa fundi na picha kwenye simu, akataka gauni la mama yake litoke vile vile, ataletewa viraka. Kazi ninayoieleza ilifanywa na fundi wa kanzu wa Mji Mkongwe, mtu mzima aliyezoea kanzu za kiume. Namsifu kwa ukataji, na kwa ufumuaji nina maneno naye.

Gauni ni la mama: satini ya poliesta, rangi ya damu ya mzee, mshono wa miaka ya 80. Mikono ya puto inayoishia kwenye viwiko, mabega ya sponji, kifua kilichobana kwa dati (mikunjo inayoshonwa kufuata umbo la mwili), zipu ubavuni, na sketi iliyokusanywa marinda kiunoni, pana mbili za kitambaa cha inchi 44. Hiyo sketi ndiyo mali. Watu hutazama kifua kwa kuwa ndicho chenye urembo, lakini kifua kimeshakatwakatwa. Ukitoa dati na makwapa hakibaki kipande cha maana. Sketi ya marinda ukiifumua kiunoni inakupa mapande mawili yaliyonyooka, kila moja upana wa sentimita 112 na urefu wa sentimita 98 hivi. Gauni la sketi ya mviringo lina shida zaidi, kwa sababu uzi wa kitambaa umekwenda mshazari sehemu kubwa ya sketi. Kanzu ikikatwa humo inaning'inia upande mmoja baada ya kufuliwa, na hakuna fundi wa kuizuia.

Kabla hata ya kutafuta fundi, jua nguo yako ni kitambaa gani. Vuta nyuzi chache kutoka kwenye mshono wa ndani, zishike kwa koleo ndogo juu ya sahani, uziwashe. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi. Hili si jambo la kujifurahisha: linaamua pasi, sindano, na kama rangi itashika. Ukiambiwa "tutalichovya rangi, litarudi jipya" na gauni lako ni poliesta, chukua mfuko wako uondoke. Rangi za unga za kuchemshia pamba hazishiki kwenye poliesta. Utapata nguo yenye mawingu mawingu.

Kisha fungua mshono mmoja wa ndani utazame rangi iliyofichwa humo. Hiyo ndiyo rangi ya asili, na tofauti yake na ya nje ndiyo kipimo cha kupauka. Gauni la mama lilipauka mabegani na mbele juu ya magoti, kwingine lilikuwa sawa. Mikunjo iliyokaa miaka sandukuni ni ya kuogopwa kuliko kupauka: shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa mkunjo, uvute taratibu. Kikilia au nyuzi zikiachana, mkunjo huo usiingie kwenye kipande chochote cha kanzu kinachobeba uzito. Makwapa ya gauni la zamani yasihesabiwe kabisa. Jasho la miaka halitoki, na hata pasipo doa kitambaa pale kimelegea.

Sasa ukataji, ambao ndio uliofanya nimsifu huyu mzee. Kanzu ya asili haina maungo ya kubana. Ina badani mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizonyooka. Ina taharizi nne pembeni, nyembamba kwapani na pana chini, ndizo zinazoipa nafasi ya kutembea. Ina mikono miwili iliyonyooka, na vikwapa viwili vya pembe nne chini ya mikono ili mtu akiinua mkono nguo isipande yote. Vipande vyote vimekatwa kwa mistari iliyonyooka. Ndiyo maana gauni la sketi ya marinda linageuka kanzu kwa urahisi kuliko linavyogeuka gauni jingine.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kila pande la sketi litoe badani moja ya sentimita 44 na taharizi mbili za sentimita 10 juu na 30 chini. Hapo umetumia sentimita 104, zinabaki 8 za kukatia mikanda na vitanzi vya vifungo. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu nyumbani kwamba taharizi zikilazwa kichwa na miguu, mbili zinakaa kwenye sentimita 40 badala ya 60, na hapo nafasi ya mikono inapatikana. Aliposikia alichukua mabaki mawili ya satini, akageuza kimoja juu chini, akayaweka pamoja mlangoni penye jua. Kimoja kikang'aa, cha pili kikawa kama kimelowa maji.

"Mwanangu, hii satini ina uso," akasema. "Ukiipindua itakusengenya mchana kweupe."

Ni kweli. Satini hung'aa tofauti kutegemea upande unaoitazama, kwa hiyo vipande vyote lazima vielekee juu upande mmoja. Kwa pamba au krepu hesabu yangu ingefaa na mikono ingetoka kwenye gauni lenyewe. Kwa satini haitoki. Fundi asiyekuambia hili kabla ya kukata hajui satini, au anajua na anataka kumaliza kazi. Kitambaa chenye maua ya shina na kichwa kina sheria hiyo hiyo.

Urefu ndio unaofuata. Sentimita 98 hazitoshi kutoka begani. Suluhisho lake lilikuwa kutumia mikono ya puto. Mkono wa puto ukifumuliwa na kupigwa pasi unakuwa kipande cha sentimita 50 na kitu kwa upana, kwa hiyo mkono wa kulia ulitoa kipande cha mabega cha mbele, sentimita 44 kwa 20, na wa kushoto kile cha nyuma. Vilikatwa katikati ya mkono na chini kidogo, mbali na pembe za kwapani zenye jasho, na uso wa satini ukaangaliwa hapo pia. Ukiunga 20 na 98, ukatoa mishono na pindo, unabaki na kanzu ya kama sentimita 112 kutoka begani. Kwa mwanamke wa urefu wa kawaida hiyo inaishia katikati ya muundi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanataka ifike chini, basi fundi anaongeza kipande cha sentimita 25 chini ya goti, na nguo inakuwa na tabaka tatu kama jengo. Acheni. Kanzu ya kike ya zamani haikuwa ya kuburura. Ilivaliwa juu ya suruali ya marinda, na marinda yalitakiwa yaonekane. Itazameni picha ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyeondoka Unguja mwaka 1866, ile aliyopigwa Ulaya akiwa na mavazi ya kwao: kanzu ni fupi na suruali iko chini yake. Ukimwonyesha fundi kijana picha hiyo, mjadala wa urefu unakwisha, na gauni lako linatosha bila kiraka.

Mikono ilitoka kwenye kitambaa kipya. Nusu mita ya upana wa inchi 44 inatoa mikono miwili ya urefu wa sentimita 48 pamoja na mshono, lakini nunua mita moja, kwa sababu vikwapa na kaba, kile kipande cha ndani cha kuimarisha shingo, vinatoka humo. Usijaribu kulinganisha rangi. Nilizunguka Darajani na kile kipande cha mabaki mkononi, na kila damu ya mzee iliyokaribia ilifanya ile ya gauni ionekane imechafuka. Rangi inayokaribia ni mbaya kuliko rangi tofauti kabisa. Nikachukua nyeusi, satini ya uzito ule ule. Uzito ni muhimu: mkono mzito unavuta bega la kitambaa cha zamani, na mshono unaanza kuachia nyuzi kabla mwaka haujaisha. Kitambaa kipya kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, hata kama muuzaji anaapa hakirudi.

Ufumuaji sasa. Mafundi wetu wengi wanafumua kwa wembe, na kwa kitenge au pamba ngumu wembe hauna neno. Kwa satini ya miaka 40 ni hatari. Kijana aliyepewa kazi hiyo alipitisha wembe akavuta, ukateleza, ukakata badani ya mbele tundu la kama sentimita moja, karibu na juu. Ombeni kwa maneno ya wazi kabisa kwamba mshono ukatwe kwa mkasi mdogo wenye ncha, uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu au minne upande wa chini, kisha uzi wa juu uvutwe utoke mzima. Inachukua muda mrefu zaidi. Mimi sasa ningefumua mwenyewe nyumbani na kupeleka vipande vimefuliwa na kupangwa. Fundi anapunguza bei na wewe unalala usingizi.

Jambo jingine kuhusu kufumua: satini haisamehi matundu ya sindano. Pamba ukiilowesha na kuikwaruza kwa kucha, matundu yanafunga. Satini ya poliesta haifungi. Kila mshono wa zamani utabaki mstari wa vitone, na kwa hiyo mishono mipya ipangwe ili mistari hiyo iingie ndani ya mshono, au ifunikwe na tarizi, au iangukie pindoni. Huyu mzee aliupeleka mstari wa kiunoni, ule wenye matundu mengi ya marinda, juu ya badani, pale inapoungana na kipande cha mabega, ukamezwa na mshono. Kwa hesabu hiyo sentimita moja na nusu ya kila ukingo imekwenda, na ndiyo maana nasema pimeni sketi baada ya kutoa ukingo uliotoboka, si kabla.

Cherehani iwe na sindano mpya namba 11. Namba 14 iliyokuwa inashona jinzi asubuhi itakamata nyuzi za satini na kuacha mistari kama mikwaruzo, nayo haitoki. Pini zipigwe ndani ya ukingo wa mshono tu. Mishono ya pembeni ya kanzu hukunjwa na kufunikwa ndani isionekane ncha, na mimi ningeshikilia hilo hata kama fundi anakuambia ovaloki inatosha. Satini inafumuka sana, na ovaloki peke yake kwenye kitambaa kilichochoka inang'oka na nyuzi zake.

Pasi iwe kwenye nukta moja, yaani nyuzi joto 110, na kitambaa cha pamba katikati, kila mara kwa upande wa ndani. Pasi ya mkaa haina nukta. Fundi anayetumia ya mkaa muombe ajaribu kwenye mabaki kwanza. Akikataa, peleka vipande vikapigwe pasi kwingine. Poliesta iliyoungua kidogo haibadiliki rangi, inang'aa tu pale pasi ilipolala, na mng'ao huo unaonekana vizuri kabisa kwenye picha za harusi.

Tarizi ya shingo ilifanywa kwa mkono, uzi wa hariri mweusi na wa rangi ya dhahabu, kuzunguka shingo na kushuka kwenye mpasuko wa mbele wa sentimita 25. Tarizi ya mashine ni ya haraka na bei yake ni ndogo, lakini mishono yake ni mingi mno mahali padogo. Satini ya zamani inatobolewa mpaka inakatika kama stempu, na baada ya kufua mara kadhaa ua zima linaning'inia. Ukilazimika kutumia mashine, ibandikwe kitambaa kigumu kwa nyuma na ua liwe lenye nafasi nafasi. Na mpangilio wa kazi ni huu: kipande cha mabega kiungwe na badani ya mbele, kaba lishonwe, tarizi ifanywe nguo ikiwa bado imelala meza, ndipo taharizi na mikono vifuate. Fundi akishafunga pembeni, mtarizi anafanya kazi ndani ya mfuko na ua linakwenda kombo.

Lile tundu la wembe liliokolewa hapo. Kilibandikwa kipande cha satini kwa nyuma, nyuzi zikalazwa, na tarizi ikaongezwa jani moja chini upande wa kulia, na jingine kushoto ili zilingane. Halionekani. Lakini lingekuwa sentimita kumi kando, hakuna jani la kulifikia, na fundi hakuniambia mpaka nilipoliona mwenyewe. Kwa hilo nimempunguzia alama zaidi kuliko kwa tundu lenyewe.

Suruali ya marinda haikuhitaji gauni. Ni pamba nyepesi nyeusi, mita mbili na nusu. Mguu umekatwa mpana, kiuno cha kamba, chini sentimita 44, halafu safu mbili za marinda ya urefu wa sentimita 10. Kila safu inahitaji ukanda wa mara mbili ya upana wa mguu, kwa hiyo sentimita 88 hadi 100. Fundi akibana kitambaa na kutumia mara moja na nusu, marinda yanalala na suruali inafanana na ya kulalia. Bitana ya gauni nilidhani ingefaa hapa. Haifai, ni nyembamba, inashika umeme mwilini, na ilikuwa imeshachanika kiunoni.

Kuhusu bei: kugeuza kunazidi kushona mpya. Nililipa kama mara moja na nusu ya kanzu mpya ya aina hiyo, bila kuhesabu tarizi, ambayo ililipwa peke yake kwa mtarizi. Sehemu kubwa ya nyongeza ni ufumuaji. Anayekutajia bei ndogo kuliko kanzu mpya hajapanga kufumua; atakata pembeni ya mishono kwa mkasi na kutupa sentimita mbili kila ukingo, na hapo hesabu yote ya pande la sketi imevunjika. Patana kwa sehemu: kufumua, kukata na kushona, tarizi, suruali. Malipo ya mwanzo yasizidi nusu, na jaribio la kuvaa lifanyike nguo ikiwa imeungwa kwa uzi wa mkono, kabla ya cherehani kugusa taharizi.

Kazi hii usiipeleke Shaabani wala Ramadhani. Mafundi wa kanzu wana foleni ya Idi, na kazi ya kugeuza huwekwa chini ya rundo kwa sababu haina picha ya kufuata na inahitaji akili iliyotulia. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nao harusi zimejaa. Baada ya hapo fundi ana muda, na hata bei inaongeleka.

Kanzu inafuliwa kwa mkono, maji baridi, bila kukamuliwa, na inatundikwa kivulini kwenye hanga pana. Hanga la waya linaacha matuta kwenye kipande cha mabega, na hicho ndicho kipande dhaifu kuliko vyote. Mabaki yote, hata ya upana wa vidole viwili, dai urudishiwe siku ya kuchukua nguo. Mafundi huyatupa au huyatumia kufungia vifungo vya watu wengine, na siku kikwapa kikiachia au badani ikichanika, hicho kipande hukipati tena Darajani wala Kariakoo.